Chanzo cha Refa

Jumatatu, 7 Julai

Assalamu aleikum, shajara yangu. Hujambo? Afya yako? Naona jalada limelegea na kona moja imelowa chai. Pole, mkono ni wangu. Mimi mzima, namshukuru Mola, isipokuwa goti hili la kukanyagia cherehani. Mgonjwa ni baba wa nyumba. Si homa. Ni redio!

Nikueleze vizuri, maana nimekutupa siku nyingi. Refa ni mume wangu, mji mzima unamwita hivyo, hata ustadhi. Alipotundika filimbi alirudi nyumbani akawa anaamua ugomvi wa kuku. Redio yetu ikamfuata. Walitaka mtu wa kuchambua magazeti asubuhi, mtu asiye na chama wala timu. Nani kama Refa? Huyu alimtoa nje kwa kadi nyekundu mdogo wake wa tumbo moja, mama mkwe wangu akiwa jukwaani anamwangalia! Aliikatalia penalti timu ya mtaa wetu, tukarushiwa maganda ya machungwa hadi mlangoni. Mtu wa haki.

Tatizo, hana maoni. Nimelala naye miaka yote hii, najua. Muulize shati jeupe au la buluu, atakwambia kila moja lina hoja yake.

Sasa leo. Mtangazaji, tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, akamuuliza hewani: Refa, upande huu tumeusikia, upande ule tumeusikia, wewe mwenyewe unaonaje?

Kimya. Nikadhani betri zimekwisha. Nikaipiga redio kofi. Kimya! Halafu sauti ya mume wangu, ndogo kama ya mtu aliyefungiwa kabatini: "Mimi... nipo katikati ya uwanja."

Kasuku alicheka. Wifi alicheka. Huyu ni dada yake Refa, tunashona pamoja kibanda kimoja pale stendi, na akicheka yeye hata abiria wanageuka. Mimi nilikata mkono wa gauni mahali pa kukata pindo.

Meneja wa redio amemwita Refa pembeni. Mchambuzi wa redio ya jirani anapiga meza, anatoa povu, watu wanampenda. Mchambuzi bila maoni ni mchuzi bila chumvi. Aongeze ladha, la sivyo kiti kitapata mtu mwingine.

Amerudi, amekaa hajavua viatu. Mume wangu, aliyekuwa anapiga pasi shati la kwenda kusikika! Tangu apate kile kiti anaimba bafuni. Ee Mola, usimnyang'anye.

Jumanne, 8 Julai

Shajara! Shajara!

Asubuhi baada ya swala alikuwa ananisomea vichwa vya habari kwenye simu, kama kawaida yake, mimi namimina chai. Baraza la mji limepandisha ada ya choo cha sokoni. Nikasema tu, hata sikufikiri: "Aliyepanga bei hiyo hajawahi kubanwa."

Akaniangalia. Akanywa chai. Akaondoka.

Saa moja na nusu, niko kibandani, sindano mdomoni. Kasuku akauliza lile swali lake. Mume wangu akakohoa, akasema kwa sauti ile ya kusoma majina ya wachezaji: "Kuna mtazamo kwamba aliyepanga bei hiyo hajawahi kubanwa."

Nusura nimeze sindano!

Stendi nzima ililipuka. Makondakta wakawa wanaita abiria kwa maneno hayo. Simu za redio hazikukatika. Wifi akashika kiuno: "Huyu kaka yangu ulimi kautoa wapi? Kwetu hakuondoka nao!" Nikainamisha kichwa kwenye kitambaa, mabega yanatikisika. Akadhani nalia. Akaniambia usilie wifi, ni furaha.

Refa alirudi na maembe mfuko mzima. Aliniosha mimi vyombo — namaanisha alinioshea vyombo! Unaona? Hata kuandika siwezi.

Alhamisi, 10 Julai

Jana niliwapa wasikilizaji neno juu ya taa ya barabarani. Taa moja imezinduliwa na wageni wenye msururu wa magari. Nilisema, wangewasha taa za magari tu wakatuachia. Mume wangu akaipeleka hewani bila kuitikisa, kama mtu aliyebeba mayai.

Lakini Refa ni Refa. Leo Kasuku akamsifu, ehe, maoni yako ni makali siku hizi! Mume wangu akasema hapana, hayo si maoni yangu. Ya nani? Ya chanzo changu. Chanzo gani? "Mwamuzi hataji."

Wallahi nilisimama. Mimi, niliyeishia darasa la saba kwa sababu ya kulea wadogo zangu, ni chanzo! Kipindi kimepata kipande kipya chenye ngoma yake kabisa, tu-tu-tum, "Chanzo cha Refa"! Na mji umeanza kubashiri. Leo nilikuwa nampima mteja, yule mke wa mwenye duka la magodoro, nimemzungushia futi kiunoni. Akanieleza kwa kujiamini kwamba chanzo ni mwanasheria mstaafu, mwanamume mrefu, anaishi peke yake na vitabu.

"Mrefu sana?" nikauliza.

"Twiga!"

Nikaandika kiuno chake mahali pa kifua.

Nimeomba toba kwa kucheka wakati wa swala ya adhuhuri. Nilikuwa kwenye sijda, nikamkumbuka yule twiga na vitabu vyake.

Jumamosi, 12 Julai

Leo sikucheka. Habari imekuja kutugonga mlangoni. Baraza linataka kuihamisha stendi, ipelekwe nje ya mji kule kwenye mashimo ya kokoto. Stendi yetu! Kibanda chetu kiko ubavuni mwake. Abiria akichanika suruali anashuka tunamshona akiwa amejifunga shuka. Huko kwenye kokoto nitamshonea nani, mijusi?

Tulipokuwa tunakula Refa akauliza, taratibu: "Na hili la stendi, unaonaje?"

Ningenyamaza! Lakini nilishazoea ngoma, tu-tu-tum. Nikasema juu ya mama anayeshuka na mzigo alfajiri, juu ya mgonjwa anayekwenda hospitali, yote ya kweli. Halafu nikaongeza na pilipili. Kwamba kile kiwanja cha huko ni cha shemeji yake Mwenyekiti wa Baraza.

Akaweka kijiko. "Umeona kwa macho?"

"Mji mzima unajua!"

"Mji mzima nimeuuliza lini? Nimekuuliza wewe."

"Refa, mimi mkeo nikudanganye?"

Akaendelea kula. Mtu huyu hajawahi kuniita mwongo, namshukuru.

Jumatatu, 14 Julai

Nianze na utamu au uchungu? Utamu.

Amesema! "Chanzo changu kinadai kiwanja hicho ni cha shemeji yake Mwenyekiti." Stendi ikaanza kupiga honi! Magari yote! Wifi alipanda juu ya kiti cha cherehani akacheza, kiti kikavunjika, akaendelea kucheza chini. Makondakta walinunua soda. Mtu nisiyemjua alinishika mkono akasema sasa tumepata mtetezi, Mungu ampe huyo chanzo maisha marefu. Nikasema amina, kwa sauti kubwa mno.

Soda haijaisha, Kasuku akatangaza kuna simu. Mwenyekiti mwenyewe.

Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililotumaliza. Akasema: "Ndugu wasikilizaji, mke wangu ni mtoto wa pekee. Na mimi kwa mama yangu nilizaliwa peke yangu. Sasa ningependa Refa anisaidie. Huyo shemeji nimemtoa wapi? Maana kama yupo, nami nataka kumjua, ana deni langu la mahari, kama alioa kwetu."

Kicheko! Stendi ile ile, watu wale wale waliopiga honi! Wifi akiwa bado sakafuni akasema, "Haki ya Mungu, kweli hana."

Refa amerudi hana rangi. Meneja ambaye juzi alitaka chumvi leo anasema chakula kimekuwa chumvi tupu. Ati mchambuzi ana haki ya maoni, lakini shemeji si maoni, shemeji ama yupo ama hayupo. Kweli tupu, siwezi kumbishia. Kwa hiyo Alhamisi, hewani, Refa aombe radhi na amtaje huyo chanzo, wasikilizaji wajue ni nani na ana maslahi gani. Akikataa, aache kiti.

"Utanitaja?" nikauliza.

"Mshika kibendera akikosea, filimbi ni ya nani?"

"Ya refa."

"Basi."

Akaenda bafuni. Nilitega sikio. Hakuimba.

Jumanne, 15 Julai

Nimezunguka mji mzima na mtandio wangu kumtafuta aliyeniambia habari za shemeji. Nilikuwa na hakika. Mke wa mwenye duka la magodoro! Nilimkumbuka kabisa, siku ya kumjaribisha gauni la kijani.

Nikamkuta dukani amekaa juu ya magodoro kama malkia. "Mimi? Fundi, mimi nimelisikia pale pale kwenu. Wifi yako ndiye aliyelisema, mimi nikakurudishia tu wewe uliporudi kutoka kununua uzi."

Nikarudi kibandani mbio. "Wifi! Habari ya shemeji ya Mwenyekiti uliitoa wapi?"

"Kwako!"

"Kwangu?"

"Siku ya mvua, tulipofunga mapema. Ulisema kiwanja kile, kama si cha shemeji ya mtu, basi mimi si fundi. Mimi nikaona, wewe hutoi maneno ovyo, lazima unajua. Nikamtafutia huyo shemeji mwenyewe, nikaona Mwenyekiti anafaa."

Shajara, nilikaa chini. Juu ya kitambaa cha mteja, nikakaa! Neno langu mwenyewe lilitoka mdomoni mwangu siku ya mvua, likazunguka mji, likanenepa, likarudi limevaa gauni la kijani, nami nikalipokea kama mgeni wa heshima!

Wifi akaniangalia. Macho yakamtoka. Akili yake ilikuwa inakokotoa, naiona. "Subiri... Kwa nini unauliza wewe? ... Aliyepanga bei... Wee! Wee! Wewe ndiye twiga!"

Tulianza kucheka. Sikutaka, naapa. Mume wangu anapoteza kiti, nami nimelala juu ya kitambaa cha watu, nimekumbatiana na wifi, machozi yanatiririka. Kila tukinyamaza, mmoja anasema "kwa mujibu wa chanzo", tunaanza upya. Abiria mmoja aliyekuwa anasubiri zipu yake alisonya akasema ataizuia kwa mkono tu.

Baada ya magharibi nilikaa kwenye mkeka muda mrefu. Hapo sikucheka. Mtu nimemsingizia. Mpole vile. Nimeomba msamaha kwa Mola, lakini si Mola niliyemsingizia kiwanja kule kwenye kokoto. Mwenye haki ya kuombwa ni Mwenyekiti. Na wale wote waliopiga honi.

Na kuna jambo lingine linanichoma kuliko shemeji. Nilipomwambia Refa habari za mama mwenye mzigo alfajiri, sikumwambia neno "kibanda". Anakijua, ndiyo, ni mume wangu. Wasikilizaji je? Walidhani wanamsikia mwanasheria na vitabu vyake, hana hasara wala faida. Kumbe ni fundi anayetetea kivuli chake.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia Refa yote. Mvua, magodoro, wifi, gauni la kijani.

Alisikiliza mikono imefungwa nyuma, kama wakati wa wimbo kabla ya mechi. Nikamaliza. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja. Akajikaza. Akasema, "Kwa hiyo mpira... ulipigwa na wewe... ukagonga mwamba..." Hakumaliza! Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikamfuata. Jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba.

Halafu nikasema, basi kesho sema nimekosea kuhusu shemeji, ila stendi isihame, hilo lina haki.

Akafuta machozi. Nikajua kuna kitu, maana aliangalia saa ya ukutani, na ile saa imekufa.

"Mke wangu. Mimi naona ihame."

"Nani anaona?"

"Mimi."

"Wewe unaona?"

"Magari ya wagonjwa hayapiti pale. Nimesimama juzi, nimeangalia. Na watoto wa shule wanavuka katikati ya mabasi. Naona ihame, lakini si kwenye kokoto. Nyuma ya kiwanda cha zamani pana nafasi."

Shajara yangu! Tangu tufunge ndoa sijawahi kumsikia mtu huyu akisema "naona"! Nimesubiri maoni yake ya shati, ya jina la mtoto wa kwanza, ya rangi ya mlango. Leo amepata maoni, na yananibomolea kibanda!

Nilikasirika. Nilifurahi. Nilisimama nikakaa. Nikamwambia, "Mnafiki mkubwa, na kiti cha wifi kimevunjika kwa ajili yako!" Akasema atakitengeneza. Nikamwambia huna huruma. Akasema anayo, ndiyo maana alikaa katikati miaka yote, akihofia ataumiza mtu. Sasa ameanza na aliye karibu.

Nikamwuliza kesho utasema hayo hewani? Akasema atasema, na atasema ni maoni yake, atayajibia mwenyewe. "Na yako ni yako. Lakini jina lako sitalitaja bila ruhusa yako. Bora kiti kiondoke."

Nikampelekea chai bila sukari kwa makusudi. Akainywa yote, akashukuru.

Ruhusa sijampa. Nikijitaja, stendi nzima itajua ni mimi niliyewapigisha honi za bure. Wateja wangu, wale wale ninaowapima viuno! Na Meneja akisikia chanzo kikuu ni mke wa jikoni, huenda akacheka, huenda akamfukuza vile vile. Nisipojitaja, ataondoka peke yake na kosa langu mgongoni.

Alhamisi, 17 Julai

Nimebaki nyumbani. Nimemwambia wifi goti linauma. Akasema goti halina masikio, wewe unataka kusikiliza redio, nami nitaifungulia hapa kwa sauti ya juu, stendi yote imejaa.

Refa ameondoka na shati la buluu. Amelichagua mwenyewe! Alisema tu, "La buluu." Mlangoni aligeuka akasema, "Simu yako ina chaji?" Nikasema ina chaji. Sikuuliza kwa nini.

Nimevaa kanga mpya. Nimepaka na wanja. Kwa redio! Ee Mola, nisamehe upuuzi wangu.

Anaongea sasa. Naandika huku nasikiliza, mwandiko wangu usiucheke.

Ameomba radhi. Vizuri sana, kwa kusimama, nilisikia kiti kikisogea. "Filimbi ya Jumatatu niliipuliza kimakosa. Mwenyekiti hana shemeji. Sikuhakikisha kabla ya kusema, na hilo ni langu, si la mwingine."

Sasa amesema la stendi. Ihame, nyuma ya kiwanda. "Haya ni maoni yangu mimi. Na mjue kwamba dada yangu anafanya kazi pale stendi, tena kiti chake sijakitengeneza bado." Wanacheka studio! Dada yake tu ametajwa. Mimi ameniruka, kama mtu anavyoruka dimbwi amebeba mtoto.

Kasuku ameuliza. Na chanzo?

"Chanzo changu kina maoni tofauti na yangu. Kina haki ya kuyasema chenyewe, na wajibu wa kuyajibia. Nitakipigia hapa hapa. Kikipokea, kitajitaja. Kisipopokea, wasikilizaji, nawashukuru, kiti hiki kimekuwa kizuri."

Hakuniambia! Miaka thelathini na ngapi ya ndoa na hakuniambia! Nasikia vidole vyake vinabonyeza, taratibu, namba yangu anaijua kwa kichwa. Ngoma imepigwa, tu-tu-tum, Kasuku hana adabu!

Inaita redioni.

Inaita mapajani mwangu!

Nimekohoa. Nimeweka mtandio sawa. Jina lake linawaka kwenye kioo, wifi amenitumia ujumbe wa herufi kubwa tupu. Niseme bismillahi halafu nini — mimi ni fundi, nina kibanda stendi, shemeji nilimzaa mwenyewe siku ya mvua — au nianze na salamu kwa Mwenyekiti? Na mume wangu nimpinge hapo hapo, mji ukisikia? Maana nitampinga! Stendi haihami!

Inaita bado. Shajara yangu, wewe ndiye uliyesikia yote kabla ya mtu mwingine. Nianze na lipi? Nijibu upesi.